Chumba Kinachotazama Njia

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Huku tu wazima, ila goti ndilo linalonisumbua, nalo ulishalizoea. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la nyuzi kiwandani kimepona, au bado unakificha?

Umeniuliza habari za mji. Mji umerukwa na akili. Tangu wang'oe reli wakaniambia kazi yangu ya geti la treni imekwisha, palepale treni zilipopita pametiwa lami nyembamba. Sasa wanapita watu na baiskeli, mizigo inaning'inia huku na huku, wanatoka mbali wanaenda mbali, na kila mtu anajikomba kwao. Wametundika bango: "Karibu Mwendesha Baiskeli, Hapa ni Kwako." Kwako tangu lini? Mwenye duka, yule aliyeninyima maji ya kumezea dawa, ameweka mtungi nje, na vikombe, na kiti chenye mto. Juzi nikakikalia. Akaja mbio: "Mama, hicho ni cha wageni." Nikainuka. Goti likalia, akacheka.

Kaka yako naye ameamua nyumba yetu ilaze wageni, kwa kuwa njia inapita mlangoni. Sisemi mengi. Nikisema nitatapika.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua, nisikudanganye kwamba kimeisha. Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, wenzangu wakaniuliza nacheka nini.

Lakini mama, usiwachukie watu kwa sababu ya baiskeli. Wanafika wamechoka, jua limewapiga kutwa, wanataka pa kulala. Na kaka amekaa sana bila kazi. Mvumilie kidogo.

Ila hukuniambia hao wageni wanalala wapi. Nyumba ina vyumba viwili na stoo, na kaka ana chake.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Nenda kwa daktari, usinizungushe.

Wageni wanalala wanapolala, tuyaache hayo. Nikueleze ya beseni langu la kufulia. Nimemkuta bwana mmoja anaoshea humo mnyororo wa baiskeli, grisi imeganda hadi ukingoni. Kaka yako kasimama pembeni na taulo begani: "Maji yana moto wa kutosha?" Taulo lenyewe langu. Vikaptula vyao vya kubana vimeanikwa kwenye kiti cha marehemu baba yenu, vinachuruzika jasho. Nikaviondoa kwa kijiti. Kaka yako akavirudisha, akavinyoosha taratibu kama nguo za mtoto mchanga. Mtu huyu shuka lake mwenyewe hajawahi kulikunja.

Halafu akanitolea sare yangu ya kazi. Anataka wageni wakitokea nisimame njiani na bendera nyekundu, wapige picha. Nikamwambia bendera nyekundu inainuliwa kukiwa na hatari, mtu asife, haichezewi. Akasema, "Mama, ya kijani haitokei vizuri kwenye picha." Nimeipunga, mwanangu. Nimesimama pale na sare yangu nimeipunga, wao wanacheka, na kinyaa kimenishika mpaka mate yakawa machungu.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Mwenzangu wa mashine ya jirani anapanga safari ya baiskeli, akanionyesha kwenye simu nyumba zinazosifiwa njiani. Ya kwanza ni yetu. "Mji wenye ukarimu kupita yote." Kuna na picha: kitanda chako, kabati lako, dirisha lako. Kaka ameandika chini yake, "Chumba cha Mlinzi wa Geti".

Mlinzi wa geti analala wapi? Usinijibu habari za goti.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Nalala stoo, kwenye godoro, katikati ya matairi ya akiba na pampu. Kaka yako aliniambia ni kwa siku chache. Sikukueleza kwa sababu ungekuja, mngegombana, nami nimebaki na ninyi wawili tu.

Baba yenu alifia katika chumba kile. Ninakitaka, na sitaki kingine. Usije kwanza. Nitazungumza naye.

Mama yako

4 Mei

Mama,

Shikamoo. Siku zinapita, sipati neno lako. Nimempigia kaka kwa simu ya mwenzangu. Amepokea kwa sauti ya asali: "Karibu sana, ungependa kulala lini?" Aliposikia ni mimi, akakata.

Jumamosi napanda basi.

Mwanao

7 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilizungumza naye. Alinisikiliza huku anapanga maua mezani, akasema nisubiri msimu uishe.

Leo asubuhi kafika mama mmoja, mtu mzima kama mimi, yeye na baiskeli yake tu. Akaingia stoo kutafuta pampu, akanikuta nimekaa godoroni nachua goti. Akaniuliza nafanya nini humo. Nikamwambia ndimo ninamoishi, chumba alichopewa ni changu. Alikwenda akafungasha, akanitia ufunguo mkononi, akamwambia kaka yako usoni, "Mimi silali kwenye kitanda cha mama yako." Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Kaka yako akamkimbilia peku mpaka darajani, anamwomba radhi yeye. Nikasimama mlangoni namsubiri, nikidhani akirudi ni zamu yangu. Karudi anahema: "Mama, unaona ulivyoniharibia?"

Nikaingia chumbani kwangu nikafunga. Akapiga mlango kwa ngumi, akafoka kwamba wengine wanafika saa kumi. Nikaketi kukuandikia. Barua hii nitamkabidhi dirishani mpanda baiskeli yeyote anayepita, aipeleke posta.

Njoo hiyo Jumamosi. Sasa hivi anagonga kwa kidole kimoja, sauti kailainisha, ileile ya wageni, ananiuliza kama ningependa chai. Tangu nimzae hajawahi kuniuliza hivyo.

Kiu ninayo. Sifungui.

Mama yako