Tembo wa Taulo Ni Yen Ngapi?

Jumapili, 8 Juni

Bahasha za pesa za safari ya meli zimekamilika. Nimezipanga juu ya meza ya jikoni. Vinywaji: elfu sita. Bandarini: elfu kumi. Mengineyo: elfu tano. Mume wangu Noboru akauliza mengineyo ni kitu gani. Nikamwambia, ni wewe, Baba.

Bakshishi haina bahasha. Wenye meli wanaikata wenyewe, kila kichwa kila siku yen elfu mbili na mia nne, upende usipende. Nimeilipa kabisa pamoja na nauli ili nisiione tena. Noboru aliiona. Alichemka kama birika! Miaka thelathini ameendesha basi la mji na hakuna aliyemwachia hata pipi. Nikamwambia labda watu walikuwa wanashukuru tu kushuka salama. Hajanijibu tangu saa ile, na nyumba imetulia vizuri.

Bahasha ya mwisho ni Meza. Elfu kumi na tano. Chakula chote melini kimo ndani ya nauli, isipokuwa mgahawa mmoja mdogo ghorofa ya juu kabisa, nyuma, wenye mishumaa na vitambaa vyeupe. Ule ni wa kulipia. Elfu tano kwa kichwa. Vichwa viwili, na chupa ya mvinyo ya elfu tano. Jumatatu ya tarehe 16, jioni ya mwisho ya safari.

Vichwa viwili! Nimeolewa miaka thelathini na minane katika nyumba ya Bibi, yaani mama yake Noboru — umri themanini na saba, meno yote yake — na sijawahi kula chakula cha jioni na mume wangu bila Bibi kukaa katikati akionja supu kwa uso wa hakimu. Hata fungate alikuja. Alisema ana mjomba wake huko Atami, mji tuliokwenda. Huyo mjomba hatujamwona mpaka leo.

Jumatatu hiyo Bibi atakuwa kwenye onyesho la mazingaombwe. Nimeshamshikia kiti. Mbele kabisa.

Jumanne, 10 Juni. Yokohama

Tumepanda. Chumba hakina dirisha, ndiyo maana kilikuwa rahisi. Vitanda viwili chini, cha tatu kinashuka kutoka darini. Noboru yuko darini.

Kwenye meza kulikuwa na chupa ya maji. Bibi akainywa yote kabla sijaona kibandiko. Mia tano! Bibi akasema kumuuzia mgeni maji yaliyoko mezani kwake ni kukosa malezi. Kwa hiyo bahasha ya Mengineyo imetobolewa na meli bado imefungwa kamba.

Mhudumu wa chumba anaitwa Rodel, Mfilipino, mtu mzima mwenye kipara cha heshima. Kijapani chake kinafika kwenye taulo na hali ya hewa. Bibi ameongea naye leo kuliko alivyoongea nami tangu Mwaka Mpya.

Tuliporudi kutoka kula, juu ya kitanda cha Bibi alikaa bata maji. Wa taulo! Shingo ndefu, mdomo umeinama. Nikasema, mzuri. Noboru akasema, mzuri. Bibi akakaa kitini, mikono magotini.

"Ametupa zawadi," akasema.

"Ni taulo, Mama," Noboru kutoka darini.

"Taulo ni taulo. Huyu ni bata. Na sisi tumempa nini?"

Nikajua tumekwisha. Nyumbani, jirani yetu mama Ogata akileta tango moja, kesho yake Bibi anapeleka biringanya tatu. Wanapelekeana mboga tangu mwaka nilioolewa. Hakuna anayekumbuka nani alianza, na hakuna mwenye ubavu wa kuacha.

Jumatano, 11 Juni. Baharini

Asubuhi Bibi amempa Rodel pakiti ya biskuti za mchele, imefungwa kwenye kitambaa. Rodel akainama mara mbili. Bibi akainama mara tatu. Ushindi wetu.

Haukudumu. Jioni tumekuta tembo. Amevaa miwani ya Noboru, ambayo Noboru ameitafuta mchana kutwa akinishuku mimi.

Kikao kikafanyika: tembo ni yen ngapi? Bibi anasema ni mara tatu ya bata. Nikasema ni taulo mbili tu na kitambaa cha uso. Noboru, yule yule asiyeamini bakshishi, akashusha kichwa kutoka darini: "Na kazi ya mkonga? Ule mkonga peke yake ni mia tano."

Nikawakumbusha kwamba bakshishi tumeshalipa. Bibi akanitazama kama nimetema mate kwenye wali. "Hiyo ni kodi, Sumie. Kodi haishukuru mtu."

Imeamuliwa elfu moja, kwenye bahasha nyeupe ya maua. Anazo kumi ndani ya begi lake! Nani anasafiri na bahasha kumi za kutolea shukrani? Pesa imetoka Vinywaji. Noboru amekunywa maji ya bomba akitazama bia za watu.

Halafu nikaenda kuoga, nikanyoosha mkono nimchukue bata. Bibi akanidaka. "Unamvua nguo ndege wa watu siku ya pili tu?" Nimejikausha kwa fulana ya Noboru.

Alhamisi, 12 Juni. Kagoshima

Volkano ilikuwepo. Sikuiona, nilikuwa dukani na Bibi tukichagua keki za viazi vitamu za Rodel. Boksi la keki tano. Noboru akala moja njiani, akasema alidhani ni zetu. Zikaenda nne. Bibi sikumwambia.

Jioni: nyani! Ananing'inia kwenye hanga la nguo, na kofia ya Bibi kichwani. Bibi alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akaacha kucheka. "Huyu ni ghali," akasema.

Kila siku baada ya kula tunapita pale wanapouza picha tulizopigwa siku ya kupanda. Elfu tatu kwa picha. Hatununui. Noboru anasimama, anajitazama, anakung'uta bega, tunaondoka. Kutazama ni bure.

Ijumaa, 13 Juni. Busan

Mvua. Bibi hakutaka kuona mji. Alitaka soksi. Jozi kumi za sufi, ghali kuliko keki, za kiume, kwa sababu Rodel "anasimama sana". Mwenye kibanda akatuongeza jozi moja bure. Nikamsukuma Bibi tuondoke haraka, kabla hajauliza na yeye tumempa nini.

Jioni: kaa wa taulo, na sungura wawili. Kochi limejaa. Taulo kavu hakuna. Noboru amejikausha mwili mzima kwa mashine ya kukaushia nywele, sehemu baada ya sehemu, akilalamika.

Vinywaji: tupu. Mengineyo: tupu. Bandarini: mia nane. Meza nimeihamishia ndani ya kiatu changu cha kulia.

Jumamosi, 14 Juni. Nagasaki

Nimefanya diplomasia. Bibi na Noboru waliteremka kuona kanisa, mimi nikasema goti linauma. Nikamngoja Rodel kwenye korido mpaka akaja na kigari chake.

"Rodel, wanyama basi."

Akashika kifua. "Mama hawapendi?"

"Wazuri mno. Ndiyo shida. Ukileta mmoja, Bibi lazima arudishe. Akirudisha, wewe unaleta mkubwa zaidi."

Akatazama huku na huku, akaegemea kigari; kumbe Kijapani anacho kingi, hukificha tu. "Mama, hata mimi nimechoka! Vyumba vingine naweka sungura, basi, naenda zangu. Kwenu Bibi amenipa pesa, amenipa keki, amenipa soksi. Nimpe sungura? Naona haya! Yule nyani nimejifunza kwa jamaa wa ghorofa ya saba. Amenitoza pakiti ya biskuti."

Tulicheka mpaka mlango wa jirani ukafunguliwa. Nikamweleza mpaka habari ya Meza — mishumaa, jioni ya Jumatatu, kwamba pesa iliyobaki ni hiyo tu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Tukapatana: kuanzia leo hakuna mnyama. Taulo zilale chali kama taulo.

Jioni, kitanda cheupe. Taulo sita zimekunjwa, bapa, kavu! Nimeoga mara mbili kwa furaha. Bibi akalala mapema. Nikadhani amepumua.

Jumapili, 15 Juni. Baharini

Hakupumua.

Asubuhi hakula. Hata samaki hakumgusa, na samaki ni bure. Amekaa kitandani akiwatazama wanyama kwenye kochi, mmoja mmoja, kama watu wa picha ya zamani.

"Tumemuudhi," akasema. "Fikirini. Nini kimeharibika?"

Nikamwambia labda amechoka tu, au taulo zimepungua. Hakunisikia. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Biskuti. Elfu moja. Keki... Akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa amejifunika shuka mpaka puani kule darini.

"Noboru. Boksi la keki lilikuwa na ngapi?"

Shuka likapanda mpaka machoni.

"Noboru."

"Nne, Mama. Moja nilikula."

Nne! Bibi akafumba macho. Hata mtoto wa chekechea kwetu anajua kwamba mtu hapewi nne. Nne ni kifo, maneno hayo kwetu yana sauti moja. "Nimempelekea mtu wa watu kifo," akasema, "cha viazi vitamu."

Machozi yakamtoka. Ya kweli, sio yale ya kuigiza ya kila mwisho wa mwaka. Noboru akateremka ngazi akiwa na soksi moja, mzee wa miaka sitini na sita, uso wa mtoto aliyevunja kioo. Nikaenda kumletea Bibi chai. Dakika chache tu! Niliporudi kiatu changu cha kulia kilikuwa katikati ya chumba, na Bibi alikuwa anafunga bahasha ya maua kwa mikono miwili.

Nikamtazama Noboru. Noboru akatazama kaa.

"Alikuwa analia, Mama," akaniambia baadaye kwenye korido. Ndivyo anavyoniita, Mama, tangu watoto wazaliwe. Na Bibi naye anamwita Mama. Kuna siku namwonea huruma.

"Ulijua ile ni ya nini?"

"Nilijua."

"Na?"

"Tutakula siku nyingine."

Miaka thelathini na minane, na "siku nyingine" ndiyo chakula nilichopikiwa mara nyingi kuliko vyote. Nimepanda mpaka ghorofa ya juu, nimeghairi ile meza. Yule binti wa mapokezi akasema pole sana. Alikuwa ameshaandika jina letu kwenye kadi. Kurihara, wawili.

Jumatatu, 16 Juni. Chooni, ghorofa ya juu kabisa

Naandika nimekaa juu ya mfuniko. Ni choo kizuri sana. Kina maua.

Saa kumi na moja Rodel aligonga mlango, amevaa sare ya sherehe. Ameshika bahasha ya maua kama inamuunguza. Akasema Bibi, hii ni kubwa mno, siwezi. Bibi akasema lazima uweze. Rodel akainama, Bibi akainama. Wakainamiana mpaka nikaogopa kiuno cha Bibi.

"Basi Bibi," Rodel akasema, "mimi pesa yake nimeshairudisha kwa njia nyingine. Nimeenda juu, mpokezi wa mgahawa ni mtu wa kwetu. Nimelipa meza. Meza ya leo!" Akanigeukia mimi, meno yote nje. "Mama, ile meza yako! Sikuisahau."

Moyo wangu uliruka. Kweli uliruka.

"Ya watu watatu," akasema. "Nilijiambia, Mama huyu ana haya, hawezi kusema watatu. Haiwezekani Bibi abaki peke yake. Elfu tano mara tatu, imetosha kabisa, hata yen haikubaki!"

Kwa hiyo mvinyo umegeuka kuwa Bibi.

Tumeketi saa moja jioni. Mishumaa ipo. Dirisha lipo, la kwanza tangu Jumanne. Noboru upande huu, mimi upande ule, Bibi katikati ameonja supu na kutoa uso. Huko chini kiti cha mbele kabisa kiko tupu na mwanamazingaombwe hana wa kumshangaa.

Na kando ya kila sahani, kitambaa cha kufutia mdomo. Kimekunjwa. Bata maji.

Mimi nilikiona kwanza. Nilitaka kukikunjua haraka. Bibi akanidaka mkono.

"Ametupa zawadi," akasema.

"Bibi, ni kitambaa cha mdomo."

"Kitambaa ni kitambaa. Huyu ni bata. Yule kijana wa meza anaitwa nani?"

Noboru ana mchuzi kidevuni na haruhusiwi kujifuta. Bibi amefungua begi. Bahasha za maua amebakiwa nazo nane, pesa ndani yake hakuna hata moja, kwa hiyo ameanza kutazama pete yake. Hapo ndipo nikasema naenda chooni.

Mlango unagongwa. Ni Noboru, kwenye choo cha kike!

"Mama. Toka."

"Bibi je?"

"Nimemwambia nakuja kukuita. Anamwuliza yule kijana kama mama yake yu hai." "Nina mkate mfukoni. Mmoja. Na siagi nimeifunga kwenye bata wangu."

"Umemkunjua bata?"

"Nimemkunjua."

Miaka thelathini na minane sijawahi kumsikia akisema kitu kama hicho. Anasema kuna benchi hapo pembeni, karibu na maboya ya uokozi, na baharini kuna mwezi kidogo. Mwana wa Bibi! Nimemwambia angoje niandike kwanza.

Anasema siagi inayeyuka.