Mama Feza Anasema Kikantoni

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu
Nimebeba watu tisa kwa pikipiki, mmoja mpaka Wamaza. Matope mpaka magotini. Kwa kungoja wateja nilisoma Kichina yangu kwa simu. Wiki ya tatu sasa, nahesabu mpaka mia. Kasongo nzima hakuna mutu anasema Kichina kunipita. Hakuna mwingine anayesema, lakini hiyo si kosa yangu. Shule niliacha, kichwa sikuacha.

Jumapili, 9
Aibu. Yaya Zawadi, dada yangu mukubwa, alipiga video kutoka Guangzhou, kule alikoolewa. Akamweka binti yake mbele. Miaka ine. Anaitwa Feza, jina la marehemu mama yetu. Kwetu mutoto akibeba jina la mama yako, unamwita Mama, na wewe ni mutoto wake. Nikamwamkia Mama kwa Kichina yote niliyo nayo. Akanitazama kama mbuzi anatazama redio. Akakimbia.
Yaya alicheka mpaka machozi. Kumbe nimejifunza Mandarini, Kichina ya nchi nzima. Feza analelewa na bibi yake wa huko, nyumbani mwao iko Kikantoni tu, Kichina ya kule.
Mama yangu amenikimbia. Inauma.

Jumatano, 12
Nilikuwa mjinga. Hapa tuko na Swahili ya soko na Kizimba ya nyumbani. Kwa nini Wachina wawe na moja? Nilijifunza ya soko, nikaenda kugonga mulango wa nyumba.
Nimefuta masomo yote. Naanza upya.

Jumamosi, 15
Kikantoni iko na sauti sita. Neno moja, ukilipandisha ni kitu kingine. Mwalimu wa kwenye video anaonyesha kwa mukono, mimi sishiki. Basi nimepanga bidoni tatu, madumu ya maji, uani: moja tupu, moja nusu maji, moja kujaa. Nasikiliza, napiga, sauti ya kupanda napiga mbili kufuatana, halafu ndiyo nasema. Babu zetu walituma habari za kilio kwa ngoma ya mbao, kijiji cha pili wakasikia kila kitu. Hii iko kwa damu yetu. Wachina watakuja kujifunza kwangu.

Jumatano, 19
Musafiri, motari mwenzangu wa pikipiki, alinikuta napiga. Akawaambia wateja: "Musipande na huyu, anaongea na maji." Nikamwambia maji yanajibu vizuri kumupita yeye.
Nimechagua sentensi moja tu. Sik zo faan mei. Umekula? Huko wanaamkiana hivyo. Nimepiga mara mia mbili. Jirani amekuja kuuliza nani amekufa.

Ijumaa, 21
Sura ya marehemu Mama naikumbuka. Sauti hapana. Nimejaribu leo njia nzima ya kurudi Kasongo, nikitafuta hata neno moja lake. Hakuna. Feza asipojibu Jumapili, sijui.

Jumapili, 23
Nilipanda kilimani, rezo ya simu iko muzuri huko. Yaya akamweka Feza. Nikapiga vidole kwenye tanki la pikipiki kwanza, halafu nikasema.
Hakukimbia. Akajibu, haraka, sikushika kitu. Halafu akaniuliza mimi ileile. Umekula?
Jibu sikuwa nimejifunza. Nikasema mei, bado. Neno nililokuwa nalo.
Akatoka. Nikabaki natazama dari yao. Nikasema basi, imeisha.
Akarudi na bakuli ya wali. Akachota, akapuliza, akasogeza kijiko mpaka kioo chote kikawa wali. Nikafungua mdomo. Kilimani, watu wanapita. Nikatafuna.
Akachota tena. Rezo ikakatika.

Jumatatu, 24
Mvua tangu asubuhi. Hakuna wateja.
Yaya ameandika. Feza amekataa bakuli ioshwe. Anasema mutoto wake wa Kasongo hajamaliza.
Nimesoma mara tano. Sijamwonyesha Musafiri.