Kwa Nini Dani Aligeuka Nyuma

Jumapili, 5 Oktoba

Shifti ya asubuhi. Skrini kumi na sita, zote nzima isipokuwa ya tisa inayotetemeka. Saa nne na robo, mtoto amepotea karibu na ngazi za umeme, fulana nyekundu. Saa nne na dakika ishirini, amepatikana, anakula aiskrimu ya watu wasiomjua. Nimeandika kwenye OB, kitabu chetu cha matukio. Kampuni inataka uandike ulichoona, saa ngapi, upande gani. Maoni yako kaa nayo. Miaka minne kwenye chumba cha kamera za jumba hili la maduka imeniharibu, sasa hata shajara yangu naiandika hivyo hivyo.

Simu haziruhusiwi humo ndani. Mapumziko ya saa sita nimekaa kwenye ngazi za dharura kuitazama video ya Dani. Mara ya kumi na mbili. Sioni aibu.

Niandike nilichoona. Mpira wao wa Amerika una umbo la parachichi na unashikwa kwa mikono. Adui yuko karibu kabisa kufunga. Mrushaji wao anarusha. Dani anatokea sijui wapi, anaunyaka hewani, akiwa ndani ya eneo la mwisho kabisa la timu yake. Angepiga goti pale tu, mchezo ungesimama na timu yake ingeanza upya bila hatari yoyote. Hakupiga goti. Alikimbia uwanja mzima, kutoka mwisho hadi mwisho, akafunga. Katikati ya safari aligeuza kichwa nyuma mara mbili.

Huyo ni ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemfunza kufunga kamba za viatu.

Nimemwandikia: hongera Dani, dada yako amekuona. Tiki mbili. Mara ya mwisho kunijibu ilikuwa Julai. Alituma kidole gumba.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimegundua jukwaa la mtandaoni la mashabiki wa chuo cha Dani huko Amerika. Lo, watu hawa hawana kazi? Wanabishana kurasa na kurasa juu ya mtoto wetu. Kundi moja linasema hawajawahi kuona mbio kama zile. Kundi la pili linasema ni upumbavu, angepiga goti, bahati tu ilimwokoa. Wote wanamwita Ishirini na Nne, namba ya mgongoni.

Nimesoma kwenye basi la kampuni kutoka Al Wukair hadi Al Mansoura. Foleni ndefu ya hapa Doha, sikuisikia.

Chumbani nimemwonyesha Resty. Resty ni Mganda, anatandika vitanda hotelini, tunalala chumba kimoja mwaka wa pili sasa. Aliuliza kama hiyo ni raga. Kisha akauliza kama Dani atakuja kunitembelea. Nikasema ana masomo. Akasema banange, kama wasemavyo kwao wakisikitika, pole. Sikumwomba pole.

Jumatano, 8 Oktoba

Wiki hii timu haina mechi, kwa hivyo mashabiki wamebaki kutafuna mfupa uleule. Sasa hoja ni kugeuka nyuma.

Kuna mzee mmoja humo, anasema ameifuata timu tangu ujana wake. Amejipa jina la ndege, mimi namwita Mzee wa Ndege. Kila mtu anamheshimu. Leo ameandika kwamba kijana ana kiburi. Kwamba mwenzake, Namba Nane, alikuwa upande wake wa kushoto, mkono juu, anamwita apite nyuma yake ili amkinge. Ishirini na Nne akampuuza, akakata njia yake peke yake, na kazi ikawa kugeuka nyuma kuwacheka waliokuwa wakimfukuza.

Nimekasirika. Nikafanya kazi ninayoijua. Nimerudisha video polepole, kipande kwa kipande. Namba Nane yuko kushoto, ni kweli. Anapiga kelele, ni kweli, mdomo wazi kabisa. Dani hageuki upande ule hata kidogo. Anageuza shingo yote, kupitia kulia.

Mimi najua kwa nini. Hakuna mwingine humo anayejua.

Mama alifariki Dani akiwa na miaka minne, mimi kumi na sita. Baba alikuwa kazini Eldoret, anakuja mwisho wa mwezi. Dani alipofika miaka sita sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Jirani akasema mafuta ya moto ya nazi. Nikaweka mafuta wiki nzima. Nilipompeleka hospitali Bungoma, daktari alisema ngoma ya sikio imekwisha. Hakunigombeza, na ni heri angenigombeza.

Tangu hapo Dani alikaa mwisho wa benchi upande wa kushoto kanisani, ili watu wote wawe kulia kwake. Ukimwita kutoka kushoto hakusikii. Si kiburi. Ni mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku yangu ya mapumziko. Kanisani asubuhi. Ibada za Ijumaa bado sijazizoea, miaka yote hii. Nimekaa peke yangu, Resty alikuwa kazini.

Nilipofungua simu kwenye basi nikakuta mtu ameandika kwamba mama ya yule kijana alipaswa kumfunza adabu.

Mama yake yuko kaburini. Adabu nilimfunza mimi.

Nimefungua akaunti. Nimeandika kwa Kiingereza changu, kama ninavyoandika OB: Namba Nane anaita kutoka kushoto. Ishirini na Nne hasikii. Sikio lake la kushoto halisikii tangu akiwa na miaka sita. Anageuza shingo kwa sababu hawezi kuwasikia wanaomfuata, lazima awaone. Si kiburi. Mimi ni dada yake, niko Doha, nilimlea.

Nikala wali na maharage. Nilipotazama tena, Yesu wangu! Mioyo. Watu wanalia, ati. Wachache waliuliza ushahidi, wengine wakawafokea. Nikasimulia benchi la kanisa. Nikasimulia alivyokuwa akilala na sikio zima juu ili asikie mvua. Mama mmoja wa huko ameniita mwanamke jasiri. Mzee wa Ndege mwenyewe ameomba msamaha mbele ya wote, akaniuliza Doha kuna joto kiasi gani.

Leo nimeongea na watu wengi kuliko mwezi mzima uliopita. Nina furaha. Naandika hivyo bila aibu, nina furaha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Resty amesoma. Akauliza kama nilimwuliza Dani kabla ya kuandika. Nikamwambia hayamhusu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwandishi wa habari za michezo amemwuliza kocha wao. Ni kweli beki wako hasikii sikio moja? Kocha amesema hana habari hiyo. Amesema ataifuatilia.

Hana habari. Dani hakumwambia.

Jukwaani upepo umegeuka kwa saa tatu tu. Walewale wa mioyo sasa wanauliza: beki wa nyuma kabisa hupewa maagizo kwa sauti, asiyesikia ataumiza wenzake, nani aliyemficha? Mzee wa Ndege ameandika kwamba anamheshimu sana dada, lakini kijana asichezeshwe mpaka apimwe.

Mdomo uliponza kichwa. Kichwa chenyewe si changu, ni cha Dani.

Jumanne, 14 Oktoba

Dani ametolewa mazoezini. Yuko kwenye habari, picha yake akiwa na begi.

Baba ametuma ujumbe wa sauti kutoka Amerika. Hatujaongea tangu Pasaka. Hakusalimu.

"Nani alikutuma? Wewe unajua nini kuhusu huyu mtoto?"

Nimeisikiliza mara tatu. Ninajua nini? Baba aliposhinda bahati nasibu ya viza, ilichukua watoto walio chini ya miaka ishirini na moja. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili. Dani alikuwa na kumi. Nilimfungia begi mimi, nikamsindikiza mpaka kwenye kioo cha uwanja wa ndege mimi. Miaka kumi na moja. Asiyekuwapo na lake halipo, sawa. Lakini kabla ya kioo kile nilikuwapo kila siku.



Jumatano, 15 Oktoba

Nimefuta yote niliyoandika jukwaani. Haikusaidia. Walishapiga picha, zinazunguka. Mimi wa kamera, wa kuambiwa kila siku kwamba kilichorekodiwa kimerekodiwa, nilidhani nini?

Nimemwandikia Dani ujumbe sita. Tiki mbili zote.

Kazini mwanamke alianguka kwenye skrini ya nne na mimi sikumwona. Mlinzi wa chini ndiye aliyepiga redio. Supavaiza, Mnepali mpole, aliuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Naogopa. Akipoteza nafasi kwenye timu, inayomlipia masomo, amepoteza chuo, na ni mimi. Sikio ni mimi na chuo ni mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amepimwa leo. Majibu hayajatangazwa. Resty alinipikia ndizi na karanga. Hakusema nilikuambia. Mtu mzuri, na mimi simwambii.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa kumi na moja na dakika tano jioni, simu imelia. Dani. Kwa video.

Ana ndevu. Sikujua. Kwenye mechi anavaa helmeti. Sauti ni ya Baba kabisa, na Kiswahili chake kinatoka kimoja kimoja, anatafuta maneno.

Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Dada, sikio langu liko sawa. Nilifanyiwa operesheni nikiwa na miaka kumi na tatu."

Nikauliza sikio gani. Swali la kijinga. Akasema la kushoto. Wamempima jana, amepita masikio yote mawili.

Miaka minane anasikia vizuri. Miaka minane mimi namtumia sauti, Dani ukiwa darasani kaa kushoto. Hakuna aliyeniambia. Baba hakuniambia. Yeye alidhani Baba aliniambia.

"Kwa hivyo Namba Nane ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mbona uligeuka nyuma?"

Akacheka. Meno ni ya Mama, angalau hayo hayajabadilika. "Ilikuwa raha tu, Dada. Nilitaka kuwaona wakibaki."

Mzee wa Ndege alisema kweli. Ni kiburi. Mgeni aliyemtazama kwenye runinga amemjua kuliko mimi.

Halafu nikaona kuna jingine. Akaeleza huku anaangalia pembeni. Wakati anajiunga na chuo Baba alijaza fomu ya afya. Kulikuwa na swali la operesheni. Baba akaandika hakuna, akihofia watamkataa. Sasa wakiamini kuna dada anayejua habari za sikio, wataanza kuchimba mpaka waikute fomu ile. Kwa hiyo kocha alipomwuliza juu ya yule mwanamke wa Doha, alisema hamjui. Alisema ni shabiki tu, labda mgonjwa wa akili.

Nilisikia. Masikio yangu hayana shida.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

"Ningekuuliza wapi, Dani?"

  Kisha akasema ana darasa, akasema atapiga tena. Dakika sita kwa jumla.

Nimelia. Resty alirudi akanikuta hivyo, akakaa kitandani kwangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilidhani leo nitamchukia. Nimejaribu asubuhi nzima. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, tuliimbishwa hivyo shuleni. Huyu mzaliwa nami amesema hanijui, na bado mapumzikoni nilikuwa nahesabu saa zilizobaki hadi mechi.

Alicheza. Saa moja jioni niliketi na simu, Resty pembeni. Hakunyaka mpira wowote. Aliangusha watu wawili, akasimama, akajipangusa. Walishinda. Resty alipiga makofi mahali pasipofaa.

Kocha ametangaza kwamba kijana anasikia vizuri na habari ile ilitoka kwa mtu asiyejulikana.

Jumapili, 19 Oktoba

Shifti ya asubuhi. Hakuna tukio.

Mapumzikoni nilifungua jukwaa kwa mara ya mwisho. Wananitukana. Muongo, mwizi wa huruma, mchawi wa jangwani. Huyo wa mwisho amenichekesha kidogo. Aliyeniita jasiri amekuwa mkali kuliko wote.

Mzee wa Ndege peke yake hajatukana. Ameandika kwamba kuna kitu hakimkai sawa. Mtu wa kubuni hangejua habari ya kulala na sikio juu ili kusikia mvua. Anasema labda kijana ndiye anayeficha, na wakubwa wa timu waangalie tena. Wachache wameanza kumuunga mkono. Kisha akaniuliza mimi, kwa jina nililojiandikisha. Kwa heshima, Mama, tuambie ukweli. Wewe ni dada yake au siyo?

Nilikaa kwenye ngazi mpaka mapumziko yakabaki dakika nne. Nilijua jibu ninalotaka kuandika. Nililiandika, nikalitazama, nikalifuta.

Nikaandika: Hapana. Mimi ni shabiki tu. Naishi mbali na sina mtu wa kuongea naye. Hadithi niliitunga. Kijana asisumbuliwe.

Nilisubiri waniulize ushahidi. Hakuna aliyeuliza. Waliniamini palepale.