Nusu Chupa Niliyommiminia Mama Espe

Jumamosi, jioni. Isingiro.

Ukungu leo ulikataa kuondoka mpaka jua lilipokuwa juu kabisa, na ulipoondoka ukatuachia vumbi la kahawa kama kawaida ya msimu huu. Nimerudi nyumbani hoi, nywele zimegeuka nyekundu kwa vumbi la barabara ya Nkwenda. Badala ya kuoga nimekaa kuandika. Nikinyamaza nitaumwa.

Juzi asubuhi redio ilitangaza kwamba ile dawa ya maji ya aleji, ya watoto, inaondolewa sokoni. Si yote, ni toleo moja tu. Namba ya toleo waliisoma mara mbili, polepole, kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani. Walisema toleo hilo limekutwa na kitu kisichotakiwa kuwemo kwenye dawa, na kwamba kitu hicho kinaweza kuumiza figo, hasa za watoto wadogo. Aliye nayo asiitumie wala asiimwage, airudishe dukani au aipeleke kituo cha afya.

Nilikuwa namenya ndizi. Niliacha kisu nikaenda dirishani kuchukua chupa yetu, nisome namba.

Chupa haikuwa na karatasi.

Anayemjua mama mkwe wangu hatashangaa. Kwake chupa ya dawa haitupwi. Dawa ikiisha anailoweka, anaibandua karatasi kwa ukucha mpaka chupa ing'ae, halafu anapaka msalaba mdogo kwenye kifuniko kwa rangi ya kucha na kwenda kuijaza maji ya baraka kanisani. Nyumba hii ina maji ya baraka ya kutosha kubatiza kata nzima. Boksi la dawa nalo lilikuwa limeshatumika kuwashia moto wa maharage. Kwa hiyo redio ilinitajia namba ya kitu ambacho sisi wenyewe tulishakifuta.

Dawa hiyo niliinunua Murongo, binti yangu Koku alipovimba macho. Kila msimu ni hivyo: kahawa ikianikwa uani, yeye anaanza kupiga chafya na kujikuna. Aliinywa siku chache akapata nafuu, nusu ikabaki.

Nusu hiyo nilimmiminia Mama Espe.

Mama Espe ni jirani yetu. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye na mumewe wanafanya vibarua vya kuchuma kahawa na kupalilia vibanja vya migomba vya watu. Wiki iliyopita alikuja na mwanawe wa mwisho, Ezekieli, mgongoni, pua zinachuruzika, macho mekundu. Aliuliza kama tuna chochote. Mama mkwe akanitazama kwa lile jicho lake. Sheria yake tunaijua wote hapa nyumbani: moto, chumvi na dawa havinyimwi jirani. Nikachukua chupa mojawapo ya maji ya baraka, nikayamwaga maji kwenye maua, nikaijaza dawa. Nikamwambia kijiko kidogo, asubuhi na jioni.

Siku ile nilijisikia mtu mwema. Ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilishinda kutwa nikijisikia mtu mwema.

Siku iliyotangulia tangazo la redio, Mama Espe na familia yake waliondoka kwenda kuchuma kahawa karibu na Omurushaka, kule Karagwe. Simu yao ni moja, ya mume, na tangu juzi haipatikani.

Koku nilimpeleka zahanati saa ileile. Muuguzi aliniuliza kama anakula, kama anacheza, kama anatapika, na zaidi ya yote kama anakojoa. Alisema figo zikiumia mkojo hupungua au hukoma kabisa, mtoto hulegea na kusinziasinzia. Koku hakuwa na dalili hata moja, lakini tulitumwa hospitali akapimwe damu, na majibu ni mazuri. Muuguzi alinieleza pia nisitie watu hofu ya bure. Si kila aliyeinywa ataumwa, dawa nyingine za aleji hazina shida, na mtu asiache dawa yake kwa kusikia uvumi. Ila chupa isiyo na karatasi, alisema, tuihesabu kuwa ni hiyo mbaya.

Jana nikaenda Murongo. Muuza dawa akaniambia alipokea matoleo mawili, lile la redioni na jingine, na yote mawili ameyauza. Akauliza namba ya kwangu. Nikamwonyesha chupa tupu inayong'aa, naye akatikisa kichwa.

Majibu ya hospitali ninayo, lakini bado namfuata Koku chooni. Nasimama nje ya mlango wa bati nasikiliza. Jana alichungulia akaniuliza nasubiri nini, nikamdanganya kwamba nasubiri zamu yangu. Sauti ile ikianza namshukuru Mungu, na kabla haijaisha namwona Ezekieli kwenye kibanda cha vibarua, amelegea, nguo kavu tangu asubuhi, na mama yake anamwongezea kijiko kingine kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Naogopa hata kufumba macho.

Leo alfajiri, nikijiandaa kwenda kuwatafuta, mama mkwe alikuwa uani na chupa zake zote za maji ya baraka. Alikuwa anakwangua misalaba kwenye vifuniko kwa kisu cha jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Huyu mama huwa hakubali kosa, hata akiunguza ndizi atasema ni moto wa siku hizi. Leo alisema, "Usijitwishe peke yako, mwanangu. Mimi ndiye niliyekutazama."

Nikapanda bodaboda mpaka Nkwenda, nikaunganisha mpaka Omurushaka, na kutoka hapo nikatembea shamba kwa shamba nikiulizia vibarua waliotoka Isingiro.

Ezekieli ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa ameketi juu ya gunia, anatafuna ganda la ndizi, na nguo yake imelowa chepechepe. Nilimnyanyua nikamkumbatia na kulowa kwake kote. Mama Espe alitoka katikati ya mibuni akicheka, akidhani nimekuja kuwasalimia.

Nilipomweleza, aliacha kucheka. Kisha akanituliza. "Sikumpa hata kijiko," alisema. "Alipoa mwenyewe siku ileile. Kuna mwenzetu hapa, mama mmoja, mtoto wake alizidiwa na chafya, nikampa chupa yote. Wewe hukuninyima, ningemnyima vipi?"

Mwenzao huyo alisitasita mwanzoni, kwa kuwa dawa haikuwa na maandishi. Akauona msalaba kwenye kifuniko, akasema hii ni ya kanisani, haina neno.

Jana asubuhi aliaga. Walisema anaelekea Murongo, avuke kwa ndugu zake Uganda. Simu hana. Jina lake hakuna aliyelijua. Wamechuma naye siku mbili tatu, wakamwita Mrefu tu, kwa sababu alifikia matawi ya juu bila kuuinamisha mti.

Niandike na hili, maana nisipoliandika hapa sitalisema popote. Mama Espe alipomaliza kunieleza, mimi bado nilikuwa na furaha. Ezekieli alikuwa mikononi mwangu, mzima, mzito, ananuka mkojo, na moyo wangu uliimba. Nilipata wa kwangu na wa jirani yangu, nikaona yamekwisha. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba chupa bado inatembea.

Wewe unayesoma, kama una mtoto wa aleji, usibandue karatasi ya dawa na boksi usilitie motoni. Ukinunua, soma namba ya toleo ukiwa dukani palepale. Usimwombe wala usimpe mtu dawa ya kumiminiwa, hata akija analia. Msindikize zahanati. Najua ninachokuomba. Nakuomba umnyime jirani, na huku kwetu hilo ni gumu kuliko kumpa.

Nikiwa Omurushaka nilimpigia muuguzi. Amesema atawaarifu wenzake wa Murongo na kuuliza jinsi ya kuwafikia wa ng'ambo. Kesho, baada ya misa ya kwanza, nitakwenda mpakani mwenyewe nikawaulize bodaboda mmojammoja, maana hao hawasahau abiria.

Nimepita pia kwa katekista kumwomba atangaze kanisani kesho. Alichukua kalamu. Nikamtajia mwanamke mrefu, mgeni, mchuma kahawa, aliyeelekea Murongo na mtoto mwenye mafua. Akaandika yote. Halafu akauliza mtoto anaitwa nani, ana umri gani, ni wa kike au wa kiume.

Nilikuwa nimeketi na Mama Espe karibu saa nzima, na sikumwuliza hata moja kati ya hayo.