Ini la Baba

Ilomantsi, 4 Aprili 1979

Pacha wangu Reijo,

Hujambo huko Uswidi? Huku ng'ombe wawili wamezaa. Siagi nimeiacha tangu Krismasi. Mkate naula mkavu, na mama mkwe ananicheka: "Wewe Orvokki, unataka kuishi milele?"

Juzi daktari kanipima tena. Kolesteroli iko palepale. Anasema ini nililorithi kwa baba halioni mafuta yaliyojaa kwenye damu. Linadhani nina njaa, basi linazidi kuyatengeneza. Dawa ya kulizuia bado inatafutwa. Nitalikimbiaje, nami ndiye niliyelibeba?

Baba alianguka zizini akafa akiwa na miaka arobaini na miwili. Jumapili, mimi na wewe tunaitimiza. Keki nitaoka, na siagi nitaitia, potelea mbali.

Ila wewe, kapime kwanza.

Dadako,
Orvokki