Mwanao Hakuwa Kichaa

Mabanda ya Wajenzi, Chumba cha 7
9 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo,

Leo mimi na mwanao tumetimiza miaka mitatu na miezi miwili tangu tuondoke nyumbani. Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo umechoka kubeba tofali.

Nianze na linalokukosesha usingizi. Mwanao ametoka jana chumba cha wagonjwa mahututi. Anakula, na ananitukana kama zamani. Ile simu niliyokupigia kwamba amerukwa na akili, nisamehe. Niliropoka kwa hofu.

Alipoanguka jengoni akavunjika mbavu, mapafu yakaingia ugonjwa, homa ikampanda kichwani. Aliona siafu ukutani, akachomoa mpira wa dripu, akamwamuru daktari ashuke kwenye ngazi. Wakampa dawa ya kumtuliza, kidogo kidogo. Daktari, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba dawa ile haiponyi kuchanganyikiwa. Inamzuia tu asijidhuru wakati wanatibu mapafu. Kichaa ni kitu kingine kabisa, alisema.

Homa ikashuka, lakini kila asubuhi nesi aliandika kwamba bado hajijui. Juzi nilikuwepo.

"Kaka, jina lako nani?"

"Pimamaji."

Nesi akainama kutazama mfuko wa mkojo. "Yameshapimwa, kaka. Jina lako?"

"Si nimeshakwambia? Pimamaji!"

Mama, nilicheka mpaka mlinzi akaja. Ndilo jina lake hapa kazini, kwa vile haachi tofali hata moja bila kuliwekea pimamaji aone kama limelala sawa. Tangu tufike hajaitwa jingine. Nilipoeleza, nesi naye akacheka, akamwuliza siku na mahali.

"Alhamisi, hospitali. Na wewe dada unanichosha."

Daktari akasimamisha ile dawa siku hiyohiyo, na usiku akalala mwenyewe bila dawa. Mimi nilikwenda kulia chooni; usimwambie.

Anaweza kuota vibaya na kusahausahau kwa muda. Mtu asimwulize alisema nini hospitali, wala asimwite kichaa hata kwa utani. Na mkwe wako, aliyeanza kufungasha arudi kwao kwa sababu ya simu yangu, mwambie afungue mizigo. Mumewe kamwulizia mara tatu leo.

Nisalimie Babu, Shangazi wa dukani na wale mapacha. Mungu akupe moyo mwepesi.

Msimamizi ametupa ruhusa sote wawili. Tunapanda basi Ijumaa tarehe 29. Jumapili tutakuwa mlangoni kwako, naye atashuka kwa miguu yake.

Mwanao akupendaye,
Mtoto wa dada yako