Maelezo ya Joyce Mkumbo kuhusu mlango uliovunjwa Mandewa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Joyce Amosi Mkumbo
Umri: Miaka 41
Kabila: Mnyiramba
Dini: Mkristo
Kazi: Mshonaji wa nguo
Makazi: Mandewa, Singida mjini
Tarehe: 27 Machi 2025

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kama ifuatavyo. Mimi ni mke wa Alphonce Kitundu, ambaye ndiye mlalamikaji. Mtuhumiwa, Damiani Msengi, ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta.

Nyumba yetu tuliijenga mwaka 2023. Kabla ya plasta, fundi umeme anayeitwa Kefa alikuja na chaki, tukapita naye chumba kwa chumba akichora ukutani. Umeme mkubwa aliupangia paipu zake, na zile nyaya nyembamba za intaneti, kamera na vitasa akazipangia paipu nyingine. Mume wangu alitaka taa, mapazia na milango viendeshwe kwa simu, au mtu aongee tu na nyumba itii. Tulipofika jikoni Kefa aliuliza aweke wapi kitufe cha kufungulia mlango kwa ndani. Alikuwa ameshachora alama. Mimi nikasema kwenye mlango huo mniwekee na ufunguo wa kawaida. Mume wangu alisema mlango wa ufunguo hata kijijini upo, na hataki vitufe vya kuchafua ukuta. Kefa aliifuta ile alama kwa kiganja, tukaendelea na chumba kingine.

Mwezi Januari mwaka huu mume wangu alimchukua mama yake, Kristina, kutoka Kinyangiri aje kukaa nasi, kwa sababu macho yake yamepungua nguvu. Mama anaongea Kinyiramba, Kiswahili chake ni kidogo. Aliiambia nyumba iwashe taa, nyumba haikumwelewa. Mwanzoni tulicheka naye. Baadaye akaacha kujaribu, nikawa nikitoka kazini jioni namkuta amekaa gizani. Nilimwomba mume wangu Kefa aje aweke swichi moja tu karibu na kitanda, mahali mama anapoweza kupapasa. Alisema mama atazoea.

Mchana mama alikuwa akienda kwa mke wa Damiani kuchambua mlenda na kuongea lugha yao. Mume wangu hakupenda. Alisema mama atapotea, na kwamba watu wataona hatumjali. Akaanza kufunga milango kwa simu akiwa ofisini. Nilipomuuliza alijibu, "Namlinda mama yangu." Sikuuliza tena.

Mnamo tarehe 12 Machi 2025 asubuhi nilikwenda mnadani Ikungi kuuza nguo. Mume wangu alikuwa Dodoma kwenye kikao tangu siku iliyotangulia. Nilimwacha mama amelala. Mvua ilikuwa inanyesha, na baada ya mimi kuondoka umeme ulikatika mtaa mzima. Jiko letu ni la umeme. Ninavyoamini, mama alitaka kupika uji, akachukua jiko la mkaa, ambalo huwa tunaliwashia uani. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshafungwa kwa simu kutoka Dodoma. Akaliwashia ndani, na madirisha alikuwa ameyafunga kwa ajili ya mvua.

Majira ya saa tano Damiani alinipigia simu. Alisema alisikia mlango ukigongwa kwa ndani, kisha kimya. Alipochungulia dirishani alimwona mama amekaa sakafuni ameegemea mlango, akimwita haitiki.

Nilimpigia mume wangu. Mara ya pili ndipo alipopokea. Alisema nyumba haionekani kwenye simu yake kwa sababu intaneti imezima pamoja na umeme, lakini vitasa vina betri, kwa hiyo milango imebaki imefungwa. Nikamweleza hali ya mama. Alisema Kefa yuko Ilongero, atakuja na vifaa vyake, tusubiri. Akasema, "Mtu asiuguse huo mlango. Huko Singida mwingine kama huo haupatikani."

Nilikata simu. Nikampigia Damiani nikamwambia, "Shemeji, vunja." Aliuliza kama Alphonce amekubali. Nilimjibu, "Mimi ndiye ninayekwambia."

Damiani alivunja kwa nyundo na sururu. Fremu iling'oka na zile nyaya nyembamba zikatoka ukutani. Alimbeba mama akamtoa nje, yeye na mke wake wakampeleka hospitali kwa bajaji. Mimi nilifika mchana nikamkuta amewekewa hewa. Daktari alisema ni ule moshi wa mkaa.

Mume wangu alikuja hospitali kesho yake. Najua alipitia nyumbani kwanza, kwa sababu alikuja na picha za mlango kwenye simu, akanionyesha tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha mama.

Mama hakufa. Lakini tangu siku hiyo hanitambui vizuri, mara ananiita jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Yuko Kinyangiri kwa binti yake. Kwetu hataki kurudi, na mimi siwezi kumwambia arudi.

Jana mume wangu aliniomba nikifika hapa niseme Damiani alivunja kwa uamuzi wake mwenyewe. Alisema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani.

Nawaeleza polisi kwamba aliyevunja mlango ni Damiani, na aliyemwagiza avunje ni mimi. Aliyeufunga ndiye aliyekuja kushtaki.

Haya ndiyo ninayoyajua. Nimeyasema kwa hiari yangu, sikushawishiwa na Damiani wala na mtu wa kwake.

Sahihi ya shahidi: J. A. Mkumbo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Urbano, nikamsomea shahidi, naye akakubali kwamba ndivyo alivyosema, akatia sahihi mbele yangu. Nilimuuliza kama ana la kuongeza kuhusu thamani ya mlango. Alisema hana.